Matanga ya Mchoraji wa Toleka

Mama aliniomba kitu kimoja tu kinachohusu kompyuta maishani mwake, nacho nilishindwa. Aliniomba nikalitoe neno la kifo cha mdogo wangu wa kiume katika simu za watu. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa hai, amesimama nyuma yetu mlangoni, mswaki bado mkononi.

Nianze na mchezo, maana bila mchezo hakuna neno. Mimi na mdogo wangu tulitengeneza mchezo wa simu. Mimi niliandika maagizo yote yanayoifanya picha itembee na gurudumu lizunguke, yeye alichora. Mchezo wenyewe ni wa toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria iliyotubeba sote hapa Kisangani kabla pikipiki hazijajaa mjini. Unamchukua abiria Tshopo, karibu na daraja, unampeleka soko kuu. Njiani kuna mashimo, madimbwi, mbuzi, na malori yasiyojua kupisha mtu. Abiria ni mama mnene aliyekaa upande kwenye kiti cha nyuma, mapajani kapu la mbinzo, wale viwavi wakavu tunaowala na pondu ya majani ya muhogo, na mkononi mwavuli. Ukiingia shimoni anakupiga mwavuli wa kichwa. Ukizidi kuingia mashimoni anashuka, anakutukana wewe na aliyekufundisha baiskeli, na mchezo umekwisha.

Huyo abiria ni mama yetu. Mdogo wangu alimchora akiwa uani anachambua mbinzo zake za kuuza sokoni, na mama hakujua. Hata kitenge cha kwenye mchezo ni kile chake cha Ijumaa. Alipoambiwa alikataa kuangalia. Alisema picha ya mtu mzima anayepiga watu mwavuli si ya kumwonyesha mtu mzima huyo, na kwamba angetuzaa wachuuzi angepumzika.

Tulifanya kazi ile kwa shida ambayo leo nikiikumbuka nakasirika upya. Kompyuta ilikuwa kuukuu, betri yake haikumaliza hata maongezi. Sisi wa Tshopo tunalala tukiyasikia maji ya maporomoko yanayotengeneza umeme wa mji mzima. Maji tunayasikia kwetu, umeme tunausikia kwa jirani. Tulikuwa tunakwenda kuchaji kwa watu, tunarudi, tunafanya kidogo, inazimika. Na mara nyingine haikuwa kompyuta iliyozimika, alikuwa mdogo wangu.

Alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule madaktari wanaouita SS. Mwenye nao nyumbani kwake hahitaji kuelezwa, na asiye nao amshukuru Mungu. Mifupa inamuuma mtoto mpaka anang'ata shuka. Macho yanageuka manjano, damu inapungua, mnambeba mbio hospitali mkitafuta nani mwenye damu inayofanana na yake. Tangu utotoni waliokuja kumwona walikuwa wakinong'onezana mlangoni kwamba huyu hatafika mbali. Masikio yake yalikuwa mazima, akawasikia wote. Basi akakua akikitania kifo kama anavyotaniwa shemeji. Mama yeye, kinyume. Nyumbani kwetu neno kufa halikutamkwa hata juu ya kuku.

Mimi nina kibanda cha kuchapa karatasi za watu na kutoa fotokopi, siku umeme ukikubali. Hapo ndipo tulipouzia mchezo. Mteja analeta simu yake, naingiza mchezo mwenyewe, naufunga kwa kufuli inayoijua simu ile peke yake. Akimtumia mwenzake, kwa huyo mwenzake haufunguki. Nilijiona mjanja sana. Watu walikuwa wanakuja, si haba, wanacheka wakimwona mama wa mwavuli, na mdogo wangu anakaa kwenye benchi la nje kuwatazama wakicheza. Siku hizo alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tena.

Halafu wakaacha kuja. Mchezo ulikuwa kila mahali, ila kwangu hakuja mtu.

Kuna kijana mmoja, mtu mzima mwenye mke, ana kibanda karibu na soko cha kuchaji simu na kujaza nyimbo na filamu. Unampa kadi ya kumbukumbu ya simu yako, anakujazia chochote utakacho. Huyo alichukua mchezo wetu kwenye simu ya mteja, akaivunja kufuli yangu, akafungua baiskeli zote ambazo mchezaji alitakiwa azipate kwa jasho, akaanza kuwagawia watu. Kutoka hapo haukuwa na breki. Watu walikuwa wanatumiana simu kwa simu, bila kula mega za intaneti, njiani, kanisani, msikitini, kwenye mtumbwi wa kuvuka kwenda Lubunga.

Nilimwendea nikiwa nimejaa. Akanitolea kiti, akanifungulia soda, uso unang'aa, akaniita yaya, dada mkubwa, kama anavyoniita mdogo wangu.

“Yaya, muchezo yenu inatembea! Iko hata Isangi.”

Nikamwambia alichofanya ni wizi. Akashangaa, na najua mshangao wa uongo, ule haukuwa wa uongo.

“Bon, yaya. Donc mulitaka watu wasiicheze?”

Soda yake sikuinywa. Lakini njiani swali lile lilinisumbua. Mwizi wa kuku anajua kuku ana mwenyewe, maana kuku amemtoa kwenye banda la mtu. Hapa kwetu nyimbo, filamu, michezo, vyote vinatufikia kwa njia hiyo hiyo ya kadi na kibanda, na hakuna aliyewahi kumwona mtu aliyevitengeneza. Watu hawakutuonea. Hawakujua tu kwamba sisi tupo, tuna mlango, tuna sufuria, tuna mgonjwa.

Nilipomweleza hivyo mdogo wangu, akasema basi tuwajulishe.

Wazo lilikuwa lake, na nasema hivyo bila kumlaumu, maana mikono iliyoliandika ni yangu. Alisema tusiwafungie mlango, tuwaache waingie, kisha tuwaaibishe wakiwa ndani. Niliweka kufuli ya pili, iliyojificha. Mchezo ukijikuta kwenye simu isiyotoka kwetu, unakubali, unacheza vizuri, mpaka mchezaji anakaribia kumfikisha mama sokoni. Hapo soko halionekani. Barabara inakuwa tupu, na katikati pamewekwa jeneza lililofunikwa, na pembeni yake toleka imeegeshwa bila mwendeshaji. Mdogo wangu alilichora jeneza lile kwa muda mrefu kuliko picha nyingine zote. Chini akaandika: “Aliyechora mchezo huu amekufa. Jasho lake mlilila bure. Matanga ni Tshopo, barabara ya darajani, geti la buluu, mti wa safu mbele.”

“Na anwani ya nini?” nikamuuliza.

“Akiona haya, yaya, ajue pa kulipia.”

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tuliupeleka mchezo mpya sokoni kwa mteja mmoja, na mwenye kibanda akaubeba kama alivyoubeba wa kwanza. Kufuli ya kwanza akaivunja, ya pili hakuiona. Akaugawa.

Nimesoma kwamba watengeneza michezo wa nchi nyingine, walio wawili watatu kama sisi, hufanya vituko vya namna hiyo. Nakala ya wizi inamfanyia mwizi kiroja, mwizi anagundua ameshikwa, anaona aibu, anacheka, wengine wananunua. Sisi tuliiga bila kukumbuka tunaishi na watu gani. Mtu wa Kisangani akisikia matanga haulizi kama ni kweli. Anachukua mkeka.

Walikuja asubuhi, wanawake, vilemba vimeteremshwa hadi kwenye nyusi. Mmoja kichwani ana kuni, mwingine ana sukari kwenye mfuko, mwingine dumu la maji, maana nyumba ya msiba maji hayatoshi. Walipoliona geti la buluu na mti wa safu, yale matunda ya zambarau tunayochemsha, wakajua wamefika, na yule wa mbele akaangua kilio kama inavyopasa, mikono kichwani.

Mama alikuwa uani na mbinzo zake. Akasikia kilio kwenye geti lake mwenyewe, na hakuna mtu anayekuja kulia kwenye geti la mtu bila sababu. Ungo ulimtoka mikononi. Hakukimbilia getini kuuliza. Alikimbilia chumbani kwa mdogo wangu, akakuta kitanda kitupu, akakaa chini hapo hapo kando yake. Nilimkuta anapapasa shuka kwa kiganja. Kwa muda ule mfupi mama yangu alifiwa. Sitausahau uso wake, na ndiyo maana sipendi watu wanaonisimulia kisa hiki kama kichekesho.

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya nyumba anapiga mswaki. Akaja kuona kelele ya nini. Mwanamke mmoja alikimbia akaacha viatu. Mwingine, jasiri, akamshika mkono akaubinya binya, kisha akamuuliza kwa upole, kama mama na mwanawe:

“Si wewe ulikufa, papa?”

“Bado, mama,” akajibu, povu mdomoni, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Mama aliinuka. Wageni wa msiba hawarudishwi getini, basi akawaketisha, akawapikia chai kwa kuni zao na sukari yao, wakanywa wakiwa wamekaa na marehemu. Hakuna aliyetuuliza habari za wizi. Hata yule aliyekuwa na mchezo kwenye simu yake hakuona kwamba maneno yale yanamhusu yeye. Aliona kuna mtoto wa watu amekufa, na mama yake yuko peke yake. Walipoondoka mama akatugeukia.

“Mzaha mzaha hutumbuka usaha,” akasema. “Muende mulitoe hiyo neno. Mu kila simu.”

“Mama, iko muchezo tu,” mdogo wangu akasema.

“Kifo haina muchezo mu nyumba yangu.”

Hilo ndilo aliloniomba. Nilimfutia ile picha ya jeneza kwenye kompyuta mbele ya macho yake, na maandishi yake, na kila kitu kilichohusiana nayo. Akataka niape kwamba haikubaki popote nyumbani, nikaapa. Kisha nikatengeneza mchezo safi, bila kufuli hata moja, wa bure. Naam, bure. Nikampelekea mwenye kibanda, naye, niseme ukweli, aliposikia habari ya mama alishika mdomo, akasema, “Pole, yaya, nitawapa hii.” Akabandika hata tangazo.

Hawakuutaka. Ule wa wizi ulikuwa na baiskeli zote zimefunguliwa, huu safi ulikutaka uzitafute. Nilipokuwa nauza, wizi ulinishinda kwa sababu ulikuwa bure. Sasa nami nagawa bure, na bado unanishinda. Na hata kama wangeutaka, ningewafikiaje? Mchezo uliotoka kwa simu kwenda simu hauna njia ya kurudi kwa mwenyewe. Ulikuwa umeshapanda boti, umeshakwenda Yangambi, umeshakwenda Ubundu. Nilimwambia mama kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Wakaendelea kuja. Walikuja wa Mangobo, walikuja wa Lubunga, akaja mfanyakazi mmoja wa uwanja wa ndege wa Bangboka bado na fulana yake ya kazi, amebeba mkungu wa ndizi kwenye pikipiki ili wenye msiba wapige lituma, ndizi za kupondwa. Mama alichukua kigoda akawa anakaa karibu na geti, na kila aliyefika na uso wa huzuni alimwahi kabla hajafungua mdomo: “Iko muzima. Karibu, iko muzima.” Na kila Ijumaa alitoa sadaka ili neno lile lirudi lilikotoka.

Mwishowe mji ukajua. Ikawa kichekesho cha mji. Mdogo wangu alikuwa hawezi kupita barabarani bila kuitwa marehemu. “Marehemu, za kaburini?” naye anajibu, “Kuna baridi, muje na blanketi.” Alipenda. Aliyenong'onezewa kifo tangu utotoni, sasa anapigiwa kelele nacho na watu wanaocheka. Nadhani alijisikia amekishinda. Mama alikuwa akisikia akiwa uani, anazidi kuchambua mbinzo, na alichokuwa anakitupa na alichokuwa anakibakiza vyote vilikuwa sawa.

Ugonjwa ulimrudia wakati wa mvua. Tulishauzoea kuja na kwenda, tulimpeleka kama tulivyokuwa tukimpeleka. Damu ilipatikana. Akapata nafuu kidogo, akaniambia nimchajie kompyuta, amewaza abiria mpya, padri aliyebeba mbuzi. Nikaipeleka kwa mwenye kibanda, kwa sababu tulikuwa tumeshazoeana naye, mtu huwezi kumnunia milele jirani mwenye umeme. Niliporudi hospitali mdogo wangu alikuwa hasemi. Kabla ya adhuhuri akafariki, mama amemshika mguu, maana mguu ndio uliokuwa hauumi.

Damu ndiyo iliyomuua. Nasema hivi kwa sababu kuna waliosema ni neno. Mama hakusema hivyo hata siku moja, na mimi sikumuuliza.

Sisi Waislamu hatulazi maiti. Tulikuwa tumzike baada ya sala ya alasiri, na muda ulikuwa mfupi. Nilichukua simu nikaanza kuita watu. Wa kwanza niliyempigia alikuwa mwenye kibanda, kwa sababu yeye ndiye anayejuana na vijana wote.

“Amefariki,” nikamwambia.

Akacheka. Namkumbuka akicheka kwa upendo kabisa.

“Marehemu tena? Mwambie kompyuta yake imejaa, aje aichukue.”

Nikajaribu kusema, sauti haikutoka, akadhani mtandao umekatika, akakata. Nikaandika ujumbe, nikautuma kwa wote: wenzake aliosoma nao, wateja wetu, wale wa Mangobo waliokuwa wameacha namba zao siku walipokuja getini. Majibu yalirudi haraka. Sura za kucheka. Mmoja akaandika, “Safari hii hatudanganyiki.” Mwingine akauliza mchezo mpya unatoka lini.

Nilikaa kwenye sakafu ya hospitali nikizisoma zile sura za njano, nikamkasirikia mdogo wangu. Alikuwa amelala pale, bado ana joto, nami nilikuwa na hasira naye kiasi cha kuweza kumpiga. Uliwafundisha wewe, nikamwambia. Haya, sasa waite.

Msikitini walitangaza, kwa hiyo majirani wa karibu walikuja, na wazee, na tonton zetu, wajomba na baba wadogo. Vijana hawakuja. Wanaojua desturi yetu wanajua jeneza linavyokwenda: anayelibeba habebi mbali, mwingine anaingiza bega, huyu anatoka, yule anaingia, kila mtu anataka thawabu yake, hata mpita njia asiyemjua maiti ataacha shughuli zake abebe hatua chache. Jeneza la mtu mwenye watu halitulii begani mwa mtu. Linaelea.

Wanawake hatuendi makaburini. Nilisimama getini na mama, chini ya mti wa safu, tukaliangalia likiondoka. Lilikwenda kwenye mabega ya tonton zetu wenye mvi, likaenda, likaenda, mpaka kwenye kona ya barabara, na mabega yalikuwa yale yale. Hapakuwa na wa kubadilishana nao. Tonton mmoja alijikwaa, wakasimama kidogo, wakaendelea. Hapo ndipo mama alipolia. Wakati wa kufa hakulia, wakati wa kuosha hakulia. Alilia kwa ajili ya mabega yale.

Mwenye kibanda alikuja kesho yake, kompyuta kwapani, akiimba. Akaiona mikeka. Hakuingia. Alikaa chini nje ya geti, akaiweka kompyuta mapajani, akainamisha kichwa. Mama akanituma nikamwite aje ale, chakula kilikuwa kimebaki kingi.

“Yaya,” akaniambia, “mimi ndiye niliwaambia wote ni muchezo. Walikuwa wananiuliza, nikawaambia musiende.”

Nilimpa sahani. Watu huniuliza kama nimemsamehe, nami huwaambia waulize jambo jingine.

Siku ya arobaini walijaa. Walikuja vijana hata wakakosa pa kukaa, wakasimama barabarani kwa aibu, wamekuja na ng'ombe mzima waliyemnunua kwa kuchangishana. Hitima ilisomwa vizuri. Mama aliwashukuru kila mmoja. Lakini jeneza halibebwi mara mbili, na wao walijua, na sisi tulijua.

Baada ya hapo nyumba ikanyamaza. Mama alikirudisha kigoda ndani. Mimi niliendelea na fotokopi zangu. Kompyuta ile sikuifungua, na kama ningeifungua ningekuta michoro ya baiskeli na mbuzi, ila kitu cha mwisho alichokichora kwa moyo wake wote kisingekuwamo, nilikuwa nimekifuta kwa kiapo.

Juzi juzi, mchana, nilikuwa nafagia majani ya safu. Akatokea mwanamume upande wa daraja anasukuma baiskeli. Si toleka, ni wale wanaosukuma mizigo kutoka barabara ya Buta, madumu ya mawese yamening'inia pande zote mpaka baiskeli yenyewe huioni. Miguu yake ilikuwa myekundu kwa vumbi hadi magotini. Akaliangalia geti, akautazama mti, akaegesha baiskeli kwa uangalifu. Juu ya madumu alikuwa amefunga mkeka mpya.

“Mama, ni hapa matanga ya yule alichora muchezo ya toleka?”

Nilihisi hasira inapanda, ile ile ya siku zote, na jibu la zamani likanijia ulimini: yuko mzima, karibu, yuko mzima. Nikasimama na ufagio wangu.

“Nimechelewa,” akasema, “musamehe. Mimi nacheza njiani tukipumzika. Ni juzi tu nimefika karibu na soko, nikaona. Iko kweli?”

“Ni kweli,” nikamwambia.

Akavua kofia. Nimemwambia mtu habari ya kifo cha mdogo wangu mara nyingi, na huyu alikuwa wa kwanza kuniamini papo hapo.

Nikampeleka uani. Mama alikuwa amekaa na ungo wake, amevaa kitenge cha Ijumaa. Mgeni akasimama ghafla, akamtazama mama, akatazama kitenge. Akasema anamjua. Amembeba mama huyu kila siku, kutoka darajani, na kupigwa mwavuli amepigwa sana. Mama hakuelewa, nikamweleza. Akamwambia mgeni, “Pole kwa kichwa,” na nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia nyumbani kwetu tangu mvua zile, mama amecheka kidogo.

Alitandika mkeka wake, akakaa, akalia kama mwanamume anavyolia kwa wageni, kwa kufuta uso na kofia. Alimletea mama dumu la mawese. Kisha akaanza kusifu. Jinsi mnyororo unavyotoka kwenye mteremko. Jinsi mwendeshaji anavyosimama akipanda kilima, goti moja limepinda nje. Vitu ambavyo mtu hawezi kuvibuni.

“Huyu mutu alikuwa fundi wa baiskeli kabisa,” akasema. “Aliiendesha myaka mingi.”

“Hakuiendesha hata siku moja,” mama akasema. “Mifupa yake haikukubali. Alikuwa anakaa hapo getini, anawaangalia nyinyi mukipita.”

Mgeni akayatazama magoti yake mekundu.

“Nionyeshe,” mama akasema.

Sikuamini. Akatoa simu yake kwenye mfuko wa plastiki, skrini imepasuka pembeni, akampa. Mama hakuwa amewahi kuangalia mchezo ule, wala jeneza lile. Aliishika simu kwa mikono miwili. Mimi nilisimama nyuma yake nikaona tena barabara tupu, jeneza limefunikwa vizuri, toleka imeegeshwa. Nilikuwa nimesahau kwamba ndani ya picha ile alichora asubuhi. Kivuli cha baiskeli kilikuwa kirefu kimelifikia jeneza. Mama alitazama, kisha akapitisha kidole kwenye kioo, taratibu, kama anayeondoa nzi.

“Unitumie,” akamwambia mgeni.

“Mama,” nikasema, “nitakuwekea ile yangu, ile safi. Hiyo ni ya wizi.”

“Hiyo yako safi haina matanga yake.”

Nilikwenda ndani nikaileta simu yake ndogo. Nikaifungua, nikaiweka mkekani ubavuni mwa ile ya mgeni. Mgeni akabonyeza. Simu ya mama ikauliza kama inakubali kupokea kitu kutoka kwa mtu ambaye haimfahamu. Mama hajui kusoma, akanigeukia. Nikabonyeza ndiyo.